Lilanga na Mzigo wa Mpingo

Kurasa hizi tumezizoea kwa uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi. Leo naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya uzio nimhakiki mchoraji. Sina nia ya kulima shamba la watu. Ni kwamba swali linalonikera mimi kama mwandishi chipukizi nimeliona limejibiwa vizuri zaidi na mtu wa rangi kuliko na watu wa kalamu. Swali lenyewe ni hili: mtindo wa msanii hubadilika kwa nini? Na ukishabadilika, yeye anabaki kuwa nani?

Shuleni tulifundishwa kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili, fani na maudhui. Maudhui ndiyo chakula, fani ndiyo sahani. Ndani ya fani kuna kipengele cha mtindo, nasi kwenye mtihani tukajibu kwamba mwandishi ametumia nafsi ya kwanza, masimulizi na barua, basi, tukahesabu alama zetu. Kwa mafundisho hayo mtindo ni kama shati: msanii anaamka asubuhi, anafungua sanduku, anachagua la kuvaa. Mimi nasema siyo. Nimekaa na picha za marehemu George Lilanga kwa muda sasa, zile za vitabuni na zile zinazopatikana kwenye simu, na nimeridhika kwamba mtindo huzaliwa pale mkono unapokutana na kile ulichokishika. Badilisha kilichoshikwa, na mtindo nao utabadilika, apende asipende mwenyewe.

Tuanze na mtu mwenyewe. Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huko Masasi, kusini mwa nchi yetu, katika jamii ya Wamakonde. Kwao uchongaji haukuwa somo la darasani, ulikuwa kazi ya mikono kama kulima. Alikua akichonga, akaja kuwa fundi wa mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, na kwa msaada wa jamaa yake Augustino Malaba, naye mchongaji, akapata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Alianza pale kama mlinzi. Mlinzi huyo ndiye ambaye mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, na ndiye ambaye picha zake ziliingia katika maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyofunguliwa Ujerumani mwaka 2004 na kuzunguka Ulaya. Alifariki dunia mwaka 2005.

Sasa tuzitazame kazi zake. Mimi nazigawa katika vipindi vitatu, na kila kipindi nakiita kwa jina la kitu alichokishika mkononi.

Kipindi cha kwanza ni cha mpingo. Aliyewahi kushika kipande cha mpingo anajua, huo si mti wa kuchezea. Ni mzito, mgumu, na ukikosea na tezo kipande kilichoruka hakirudi. Mchongaji hafanyi kazi ya kuongeza, anapunguza tu. Mtu anayemtafuta yumo ndani, lazima amtoe kwa kuondoa visivyo yeye. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa na namna kadhaa za kuchonga zilizojulikana kwa majina. Ipo ya ujamaa, ambapo watu wengi wamepandana kwenye gogo moja, huyu kakanyaga bega la yule. Ipo ya shetani, viumbe vya ajabu vyenye macho yaliyotoka, masikio makubwa na viungo visivyofuata utaratibu. Lilanga alikuwa mtu wa mashetani. Lakini tazama jambo moja: katika mpingo, idadi ya mashetani inaamuliwa na unene wa gogo. Na wote lazima wafuate uzito, wa chini ambebe wa juu, la sivyo kinyago kitaanguka. Hivyo mtindo wa kushikanashikana tunaousifia ulianza kama sharti la mti.

Kipindi cha pili ni cha karatasi na wino. Nyumba ya Sanaa palikuwa na mambo mengi chini ya paa moja: kuchora kwa wino, kuchapa picha kwa bamba la chuma, batiki, kuchora juu ya ngozi ya mbuzi. Lilanga akavijaribu. Hapo ndipo mkono wa mchongaji ulipokutana na kitu kisicho na ugumu wowote. Karatasi haimkatalii mtu. Je, alianza kuchora kama watu wengine wa karatasi, kwa vivuli na umbali, mti wa karibu mkubwa, mlima wa mbali mdogo? Hapana. Alichora kama anachonga. Mashetani yake ya wino hayana kivuli, yana ukingo. Mstari unazunguka mwili kama njia ya patasi, na nafasi nyeupe kati ya mkono na kiuno inafanya kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na tundu katika kinyago. Yaani gogo limeondoka, matundu yamebaki.

Ila kuna kitu kilibadilika, nacho si kidogo. Uzito ulikufa. Katika karatasi shetani anaweza kuning'inia, anaweza kupaa, miguu ikawa juu na kichwa chini, na hakuna kitakachoanguka. Na mara uzito ulipoondoka, hofu nayo ikapungua. Kinyago cha shetani cha mpingo ukikiweka pembeni ya kitanda, usiku unaweza kukigeuzia ukutani. Shetani wa wino wa Lilanga ana masikio yaleyale, tumbo lilelile, vidole viwili vitatu vya miguu kama kwato, lakini anakuchekesha. Ndiyo kusema maudhui yenyewe yalisogea kwa sababu fani ilisogea. Sahani ilibadilika na chakula kikabadilika ladha. Mwalimu wangu wa fasihi naomba anisamehe, lakini sijui hapo nitenge vipi fani na maudhui.

Kipindi cha tatu ni cha rangi, na hiki ndicho kilichompa jina kubwa. Hasa katika miaka ya 1990 Lilanga alichora kwa rangi za mafuta za makopo juu ya mbao za mraba, zana zilezile za wachoraji wa Tingatinga. Hapa inabidi tusimame kidogo, maana huwezi kumweleza Lilanga wa rangi bila kumtaja Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora mwaka 1968 kule Oysterbay, Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta za kawaida, za kupakia baiskeli na milango, juu ya silingibodi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, akafa. Miaka minne tu! Mtu aliyebeba jina la mtindo mzima hakupata nafasi ya kubadilika. Picha zake nyingi zina mnyama mmoja au wawili, nyuma pametulia. Waliobadilisha mtindo huo ni waliobaki: ndugu zake na wanafunzi wake, kisha wanafunzi wa wanafunzi, ambao mwaka 1990 walisajili chama chao cha ushirika. Wao ndio walioongeza ndege juu ya matawi, maua pembeni, vijiji vizima, hospitali na masoko, mpaka leo utakuta picha haina hata sehemu ya kuweka kidole. Tingatinga ni mfano wa mtindo uliobadilika baada ya mwenyewe kuzikwa.

Lilanga alizichukua zana hizo akiwa mtu mzima mwenye miaka mingi ya mpingo na wino mkononi. Rangi ya kopo ina tabia zake. Inang'aa, inachelewa kukauka, na si rahisi kuichanganya polepole ili nyekundu iyeyuke ndani ya njano kama wafanyavyo wachoraji wa Ulaya. Kila rangi inataka kukaa peke yake kwenye eneo lake. Kwa mchoraji mwingine hilo ni tatizo. Kwa mtu aliyezoea ukingo wa patasi ni kama kupewa alichokuwa akikitafuta. Mashetani yakavishwa mashati ya madoadoa, sketi za mistari, kofia. Yakajaa mraba wote, mkono wa huyu ukipita chini ya kwapa la yule, kama gogo la ujamaa lililolazwa chini na kupasuliwa likawa bapa. Yanacheza ngoma, yanakunywa, yanakwenda kwa daktari, yanagombana, yanabeba watoto. Shetani amekuwa mtu wa mtaani kwetu. Mimi nikiyatazama naona kituo cha mabasi.

Sasa atatokea mtu aniulize: kama zana ndiyo inayoleta mtindo, mbona rangi ileile na ubao uleule umewapa mamia ya watu picha zinazofanana, na Lilanga peke yake picha zisizofanana na za yeyote? Swali la haki kabisa. Jibu langu nalitoa hapahapa Tunduma, maana mpaka ni mwalimu mzuri. Lori likivuka kuingia Nakonde, kila kitu kinabadilika. Shilingi inageuka kwacha, karatasi zinagongwa mihuri mingine, polisi wana sare nyingine. Kitu kimoja tu hakibadiliki, nacho ni mzigo ulioko nyuma chini ya turubai. Shaba iliyotoka Zambia au Kongo inafika Dar es Salaam ikiwa shaba. Sasa lori tupu likivuka linavuka na nini? Linavuka na lori. Wengi waliingia katika rangi ya kopo wakiwa hawana walichobeba, wakachukua walichokikuta huko. Lilanga alivuka mara mbili, kutoka mpingo kwenda wino, kutoka wino kwenda rangi, na kila mara alikuwa na mzigo. Zana inabadilisha mtindo, naam, lakini inaubadilisha mtindo wa mtu mwenye kitu cha kubadilishwa.

Hata bila kwenda Dar es Salaam jambo hili linaonekana. Mtaani kwetu yupo fundi wa kuandika mabango, mzee wa makamo, aliyewahi kuandika maduka karibu yote ya upande wetu kwa brashi. Herufi zake zilikuwa nyembamba, zenye mikia, za madaha. Zilipokuja mashine za kuchapa mabango, wenye maduka wakamhama. Akahamia kwenye malori, kuandika misemo nyuma ya bodi. Bati la lori lina mabonde na vumbi halikomi, mkia mwembamba hausomeki. Herufi zake zikanenepa, zikasimama kama watu wenye hasira. Ukimuuliza kwa nini amebadili mtindo atakushangaa, yeye hakubadili chochote. Lakini ukiitazama herufi R yake, namna inavyotoa mguu mbele, utamtambua tu. Huo ndio mzigo wake.

Mpaka hapa nimemsifia Lilanga, na uhakiki usiowahi kulaumu si uhakiki, ni risala. Nina lawama. Katika miaka yake ya mwisho jina lilikuwa limekuwa kubwa, wanunuzi wa nje walikuwa wengi, na kazi ikawa ya karakana. Wasaidizi walichonga vinyago vya mti mlaini, vikapakwa rangi kali, na picha nazo zikatoka kwa wingi. Silalamikii wasaidizi. Katika uchongaji wa Kimakonde fundi kufanya kazi na vijana wake ni jambo la kawaida, na mjukuu wake Hendrick Lilanga, ambaye ni mchoraji kwa haki yake, alijifunzia hapo. Lawama yangu ni nyingine. Ukizipanga baadhi ya picha za mwisho pamoja, unaona utani mmoja unarudiwa. Tumbo lilelile, kicheko kilekile, na rangi zinajaza nafasi badala ya kusema neno. Zamani nafasi tupu kati ya viungo ilikuwa tundu la kinyago, ilikuwa na kazi. Sasa imezibwa kwa madoa. Mteja alitaka "Lilanga", akapewa "Lilanga". Mtindo ukawa nembo kama ile ya kwenye kopo la rangi.

Hata hivyo, kabla hatujamhukumu, tukumbuke mwili. Kisukari kilimla Lilanga mpaka akakatwa miguu yote miwili. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kulizunguka gogo la mpingo akiwa na tezo. Anakaa, anachora. Kwa hiyo na mwili nao ni zana, pengine ndiyo zana ya kwanza. Sasa zitazame upya picha za miaka hiyo. Kitu gani kinakupiga macho? Miguu. Miguu mikubwa, mizito, yenye vidole vichache, inacheza, inakanyaga, inarushwa hewani. Alikuwa akiichora hivyo tangu akiwa mzima, sitaki kudanganya kwamba aliianza baada ya kukatwa. Lakini mstari uleule ukichorwa na mtu asiye na miguu si mstari uleule. Hapo marudio yananishinda kuyalaumu. Huenda kwa mnunuzi ilikuwa nembo, na kwa mchoraji ikawa kitu kingine kabisa.

Kwa nini yote haya yanamhusu mwandishi kijana wa Tunduma? Kwa sababu na sisi tuna nembo zetu. Niliwahi kuandika hadithi ya dereva wa lori aliyekwama mpakani na mapenzi yake ya pande mbili za boda, nikawa nawatumia watu kwa simu, sura moja kila Ijumaa. Ilipendwa. Nilipoanza kuandika jambo lingine, habari za bibi mmoja wa Vwawa na shamba lake la kahawa, wasomaji wakaniuliza, dereva yuko wapi? Mhariri mmoja niliyempelekea mswada naye akaniambia nisihangaike, nimeshapata mtindo wangu, niushikilie, vijana wengi wanautafuta hawaupati. Alisema kwa nia njema. Nikatoka pale na kaunta buku zangu kwapani, maneno yake yakinizunguka kichwani, maana umri wangu haujafika thelathini na tayari naambiwa nimefika.

Upo mfano wa upande wa pili, wa mtu wa kalamu. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ambayo msomaji yeyote anaifuata bila taabu. Zikaja Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka. Angeweza kuendelea hivyo maisha yake yote, na sisi tungempigia makofi. Badala yake mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile, vitabu vyembamba kama ndoto, havina kijiji unachokijua wala njia iliyonyooka. Wengi walimkimbia, na wapo wanaomkimbia hadi leo. Lilanga alibadilika akaongeza wanunuzi, Kezilahabi alibadilika akapunguza wasomaji. Kwa hiyo soko si kipimo cha mabadiliko, si kwa kusifu wala kwa kulaumu. Lakini soma Kichwamaji halafu Nagona, utakuta mtu yuleyule anayeuliza maisha yana maana gani. Mzigo ni mmoja, boda zilikuwa mbili.

Basi nihitimishe kwa kusema ninachokiamini. Kijana mwenzangu usihangaike kutafuta mtindo, na usiogope kuupoteza. Tafuta mzigo. Chonga mpingo wako kwanza, hata kama hakuna anayenunua, mpaka mkono ujue kitu ambacho hauwezi kukisahau. Halafu shika zana nyingine. Kama umezoea riwaya, andika tamthilia, kama umezoea kuandika kwa kimya, simulia kwa sauti mbele ya watu uone sentensi zipi zinaanguka. Kisicho chako kitaachwa forodhani, na kilicho chako kitavuka.

Mimi dereva wangu nimemwegesha Mpemba, pale malori yanapopanga foleni, na kwa sasa sina haja naye. Bibi wa Vwawa nimeanza kumwandika kwa namna ya mashauri ya baraza la kata, watu wakipokezana kusema, yeye mwenyewe akiwa kimya. Sijui kama mhariri yule atamtaka. Wahakiki wa kurasa hizi mkipinga hoja yangu kuhusu Lilanga, hasa ile lawama ya picha za mwisho, nafasi ipo, andikeni.